Mashine Iliyosema Imeshiba

Katika kiwanda cha unga kilichokuwa upande wa Naviundu, chumba kimoja tu kilikuwa na baridi, na mwenye funguo zake alikuwa Régine Numbi. Baridi ile haikuwekwa kwa ajili yake. Iliwekwa kwa ajili ya kompyuta. Wauzaji walimwambia mkurugenzi kwamba kompyuta ikipata joto itakufa, na mkurugenzi, citoyen Kasonde, aliogopa kifo cha kompyuta kuliko cha baadhi ya shemeji zake. Basi mwezi wa kumi ulipofika, jua likawa linapasua midomo na mvua haijakumbuka njia ya Lubumbashi, wafanyakazi wa kiwanda kizima walikuwa wakigundua ghafla kwamba wana kazi na Régine.

Hakuwa akimfukuza mtu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mfupi, mwenye macho yasiyotulia na kicheko ambacho mama yake, Mama Victorine wa mtaa wa Bel-Air, alishawahi kukiombea misa. Kazini aliitwa citoyenne Numbi, yaani mwananchi Numbi, kama wanaume walivyoitwa citoyen, maana siku zile majina ya ubatizo yalikuwa yamefukuzwa kwenye karatasi zote za serikali. Nyumbani Mama Victorine aliendelea kumwita Régine kwa sauti ya kusikika barabarani, na hakuna aliyethubutu kwenda kumshitaki.

Régine alikuwa amesomea kompyuta Kinshasa, akarudi na kitabu kinene cha lugha ya Pascal ambacho alikuwa akikiweka chini ya mto kama wengine wanavyoweka rozari. Programu ya kiwanda aliiandika yeye. Lori la mahindi likifika kutoka Mokambo, mpakani na Zambia, lilipanda mizani likiwa limejaa, likapanda tena likiwa tupu. Chomba, karani wa mizani, aliandika uzito mara zote mbili kwenye mashine, na mashine ikachapa hati ya dereva. Hakuna hati, hakuna kuondoka.

Tatizo ni kwamba ile diski kubwa iliyokuwa ndani ya mashine ilikuwa imekuwa ghala la kila mtu. Mama Ngosa, katibu wa mkurugenzi, aliweka humo barua za ofisi, akaongeza nyimbo zote za kwaya ya parokia yake. Chomba alileta kwenye disketi mchezo wa ndege za vita alioupata kwa binamu yake. Na citoyen Mwansa, mwenyekiti wa kamati ya chama pale kiwandani, aliweka hotuba. Mwansa hakujua kufupisha wala kufuta. Akibadilisha neno moja alitaka hotuba mpya ihifadhiwe kando ya ile ya zamani, huenda neno lile la kwanza likahitajika. Régine aliwapokea wote kwa mikono miwili. Alipenda sana kusoma vitu vya watu.

Ndipo ikaja siku ya balaa. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya lango, kwa sababu mji ulikuwa na njaa ya unga na mahindi ya Zambia yalikuwa yamechelewa. Chomba aliandika toka asubuhi. Katikati ya lori moja mashine ikasimama, ikatoa mstari mmoja wa maneno yasiyoeleweka, ikanyamaza. Diski ilikuwa imejaa kabisa, na programu ilikuwa imekatika huku ikiandika, kama mtu anayekabwa na tonge. Ilipowashwa tena, kazi yote ya asubuhi ilikuwa imeharibika. Malori yaliyokuwa yamekwisha kumwaga mahindi hayakuwa na ushahidi wa kuyamwaga. Madereva walilala juu ya magunia matupu wakitukana kwa Kibemba, na citoyen Kasonde alishuka ngazi akiwa amefungua vifungo vya juu vya abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

“Numbi!” alifoka. “Gari yangu inaniambiaka wakati essence inakwisha. Hii mashini ya bei kali vile, inakosa hata jauge ya kuonyesha inajaa?”

“Inaweza kuwa nayo, mukubwa. Sikuitiaga.”

“Sasa weye unafanyaka nini humu mu baridi? Uipime tumbo mbele ya kuipa chakula! Kila siku! Unasikia?”

Régine alisikia. Alisikia hasa neno lile la tumbo, likamkaa kichwani.

Ndani ya kitabu cha Pascal kulikuwa na neno ambalo hakuwahi kulihitaji. Ukiliita neno lile ndani ya programu, programu inaweka kazi yake kando kidogo, inauliza mashine: kwenye diski hii kumebaki nafasi gani? Mashine inajibu kwa namba. Ni lazima useme ni diski ipi, maana namba moja ni ile ya disketi na namba tatu ni ile kubwa ya ndani, na ukikosea utapima sufuria ya jirani. Régine hakukosea hapo. Alikosea mbele kidogo. Jibu alilipangia chombo kidogo, aina ya namba isiyoweza kuzidi elfu thelathini na kitu, na diski iliyobaki na nafasi ya kutosha ilikuwa ikijibu kwa namba kubwa mno. Ilikuwa sawa na kumimina gunia zima ndani ya kopo. Namba ilifurika, ikageuka, ikatokea upande wa pili wa sifuri.

Kwa hiyo alipoijaribu mara ya kwanza, baada ya kusafisha diski vizuri, mashine ilitangaza kwamba nafasi iliyobaki ni chini ya sifuri.

Mama Ngosa, aliyekuwa amekuja kupunga hewa, alisoma begani kwake. “Chini ya sifuri ni nini? Inamaanisha tukiingiza kintu, itatutapikia?”

“Ngoja, mama. Chombo ya namba njo kidogo.”

“Na sisi tuliambiwaka mashini haikosee!”

“Mashini haikukosea. Ni miye.”

Alibadilisha chombo, akaweka aina kubwa ya namba, na jibu likaja kamili na la kupendeza. Kisha akapiga hesabu: lori moja linataka nafasi kiasi gani, malori ya siku yenye kazi kali ni mangapi. Akazidisha mara mbili, kwa sababu aliwajua watu wa kiwanda kile. Programu ikifunguliwa itauliza kwanza. Nafasi ikitosha, itaendelea. Isipotosha, itakataa kuanza, na hakuna lori litakalokatikia njiani.

Kilichobaki kilikuwa ni maneno ya kukataa. Kitabu kilipendekeza kitu cha Kifaransa, kirefu na kikavu kama mkate wa juzi. Régine aliyaangalia maneno yale. Akatazama mlango. Halafu akaandika kwa Kiswahili cha kwao, ambacho kutosha ni kutoa, kwa herufi kubwa zinazojaza kioo kizima: NIMESHIBA. MUNITOSHE KINTU MU TUMBO. Na kwa siku ambazo nafasi ni tele aliandika: NIKO NA NJAA. MULETE MAHINDI.

Alisema moyoni kwamba ni kwa majaribio tu, atabadilisha kesho. Kesho ilipofika Chomba alikuwa amekwisha kuwaita madereva waje kusoma, wakicheka na kupigana mabega. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama kompyuta inafanya kazi. Walichungulia dirishani wakiuliza, “Imekula?” Na maajabu ni kwamba watu waliokuwa hawajali onyo lolote la Kifaransa walianza kutii. Mashine ikisema imeshiba, Mama Ngosa alikuja mwenyewe akiwa na disketi, akaondoa nyimbo za kwaya moja baada ya nyingine, akianza na zile za Kwaresima. Citoyen Kasonde alipata habari, akaguna, akasema mradi hati zinatoka, mashine inaweza kusema hata Kilatini. Chomba hakuutaja mchezo wake, na Mwansa alikataa wazi kufuta kitu. Alisema hotuba si chakula.

Mwezi wa kumi na moja ikatangazwa kwamba mjumbe kutoka Kinshasa anakuja kuona namna unga unavyotolewa. Kiwanda kikapakwa chokaa mpaka urefu wa kiuno. Wanawake wa kufunga magunia walitolewa kazini kwenda kujifunza nyimbo na kucheza kwa mistari. Mwansa alizunguka akinung’unika hotuba peke yake, na asubuhi ya siku yenyewe, siku ya Ijumaa, akapitia chumba cha baridi.

“Citoyenne Numbi, ile ya mwisho, hapana ingine. Nikimaliza kupanga bachezaji nakuya, utaichapa.”

“Ndiyo, citoyen.”

Alikuwa ameongeza kurasa usiku uliotangulia, na kila alipoongeza alikuwa amehifadhi nakala nyingine. Régine aliliona hilo, akakusudia kupima diski, kisha akaitwa kwenda kusaidia kubeba viti.

Mjumbe alikuwa mtu mkubwa. Wembamba walikuwa nyuma yake, wakimshikia mkoba na mwavuli, na yeye alitangulia na tumbo lake mbele, akiliwekea mkono juu kama mtu anayetuliza mtoto. Alizungumza Kifaransa na Kilingala. Kiswahili hakukijua, na hakuona sababu ya kukijua. Citoyen Kasonde alimwonyesha ghala, akamwonyesha vinu, kisha, kwa fahari isiyofichika, akamwingiza kwenye chumba cha baridi. Lori tupu, lililopimwa jana likiwa limejaa, lilikuwa limekwisha kuwekwa juu ya mizani likisubiri. Chomba alikaa mbele ya mashine akiwa na abakosti ya kuazima. Régine alisimama mlangoni.

“Chomba, anza,” alisema Kasonde.

Chomba akabonyeza. Kioo kikawaka.

NIMESHIBA. MUNITOSHE KINTU MU TUMBO.

Chomba aliyatazama maneno, kisha, bila kukusudia, macho yake yakaenda kwenye tumbo la mjumbe. Mama Ngosa naye alitazama huko huko. Wote walitazama, wakaona kwamba wametazama, wakainua nyuso kwenye dari.

“Imeandika nini?” aliuliza mjumbe kwa Kifaransa chake kizuri.

Kasonde alimgeukia akitabasamu. “Inasema karibu sana, citoyen délégué.”

“Maneno ni mengi kuliko hayo.”

“Ni heshima. Kiswahili kinapenda kuzunguka.”

Mjumbe aliitikia kwa kichwa, ameridhika. “Basi iendelee.”

Chomba, ambaye hakujua la kufanya, alibonyeza tena. NIMESHIBA, ilisema mashine.

“Na sasa?”

“Inasema... karibu tena.”

“Ina adabu,” alisema mjumbe. “Wafanyakazi wangekuwa hivyo. Lakini kazi inafanya?”

Chomba akabonyeza mara ya tatu. Nyuma ya dirisha walikuwa wamejipanga madereva na vibarua, na mmoja alitoa sauti ndogo kama ya mbuzi, akachutama haraka. Régine aliuma pindo la kikwembe chake. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuthubutu kuyafuta.

Kasonde alimsogelea, akamwambia kwa Kiswahili bila kusogeza midomo, akiwa bado anatabasamu upande wa mgeni. “Numbi. Tosha kintu mu ile mashini. Mbio mbio.”

“Nitoshe nini, mukubwa?”

“Chochote!”

Régine alipita, akamsogeza Chomba kidogo, akaangalia kilichomo. Nyimbo za Mama Ngosa zilikwisha kuondoka. Mchezo wa ndege za vita ulikuwepo, lakini kuugusa ilikuwa ni kuuita kwa jina mbele ya mkurugenzi, na Chomba alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayepelekwa hospitali. Zilibaki hotuba. Zilijaza ukurasa mzima wa kioo.

“Iko hotuba za citoyen Mwansa, mukubwa. Nitoshe moja ao?”

“Tosha zote! Si iko nayo mu karatasi?”

Hapo Régine alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mwansa alikuwa mbali, uwanjani, akipanga wachezaji kwa urefu wao. Hakuwa na karatasi yoyote, na mtu mmoja tu mle chumbani alilijua hilo. Régine aliinua uso mtulivu kama wa sanamu ya kanisani.

“Sijue, mukubwa,” alisema.

“Zote!”

Akazifuta zote. Chomba akabonyeza. NIKO NA NJAA. MULETE MAHINDI, ilisema mashine, na bila kungoja ikafungua ukurasa wa kazi. Uzito ukaandikwa, mashine ya kuchapa ikalia kama cherehani, hati ikatoka. Mjumbe akapiga makofi. Akauliza mashine imesema nini mara hii, na Kasonde, ambaye sasa alikuwa amezoea, alimjibu kwamba imeshukuru kwa msaada wa uongozi.

Mwansa alifika mlangoni wakati wao wanatoka, jasho likimtiririka shingoni. “Citoyenne, leta hotuba.”

“Haiko, citoyen.”

“Haiko namna gani?”

“Mukubwa njo alisema tutoshe. Mashini ilikataa kutumika.”

Hakupata muda wa kuelewa. Ngoma zilikuwa zimeanza, wanawake wanazungusha viuno kwa mistari, na mjumbe alikuwa akikalishwa kwenye kiti chenye mito. Mwansa alipanda kwenye ubao akiwa mikono mitupu. Salamu za chama alizijua kwa moyo, akazipiga, watu wakazijibu. Baada ya hapo alifungua mdomo na mdomo ukabaki wazi. Alitazama angani. Alitazama magunia. Mtu alikohoa.

“Citoyen délégué,” alisema mwishowe kwa Kifaransa. “Kiwanda ndiyo hiki. Mahindi ndiyo yale. Watu wanafanya kazi. Chakula kiko tayari.”

Akashuka.

Kwanza hakuna aliyeamini. Kisha makofi yakalipuka, ya kweli, ya watu waliokuwa wamejiandaa kusimama juani mpaka miguu ivimbe. Wanawake walipiga vigelegele bila kuagizwa. Mjumbe alisimama, akamshika Mwansa mkono, akasema amezunguka nchi nzima na hajawahi kukutana na mtu wa chama anayejua thamani ya muda. Wakaenda kula bukari, ule ugali wa kwao, na samaki.

Lakini mtu hakosekani wa kupeleka habari. Siku ya Jumatatu Mwansa alimwita Régine ofisini kwake, chini ya ile picha ya rais iliyokuwa kwenye kila ofisi ya nchi, na akamketisha Mama Ngosa pembeni na karatasi ili aandike kila neno.

“Citoyenne Numbi. Mbele ya mujumbe, mashini ilisema nini?”

“Ilisema imeshiba, citoyen.”

“Nani aliiambia kusema vile?”

“Miye. Niliandika mu programu. Inapimaka nafasi ya diski. Nafasi ikikosa, inasema imeshiba.”

Mwansa aliegemea mbele. “Hapana kunifanya mutoto. Muji iko na njaa, bantu beko mu foleni ya unga tangu asubuhi, na weye unaandika kubwa kubwa mbele ya mukubwa ya Kinshasa: nimeshiba. Ulikuwa unasema juu ya nani?”

“Juu ya diski, citoyen.”

“Uongo! Kila muntu alielewa ni nani!”

Régine alifungua macho yake makubwa. “Ni nani, citoyen?”

Kalamu ya Mama Ngosa ilikuwa imefika mwisho wa mstari, ikasimama, ikasubiri. Mama Ngosa alikuwa mwanamke mwaminifu katika kazi yake, na aliuliza kwa upole wote alionao:

“Niandike jina gani, citoyen? Ya ule mwenye kushiba?”

Rangi ya Mwansa ilibadilika. Aliitazama karatasi, akaitazama ile picha juu ya kichwa chake, akamtazama tena Mama Ngosa, ambaye bado alikuwa ameinua kalamu. Nje lori lilipiga honi. Mwishowe alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa kama kipande cha sabuni.

“Hapana kuandika,” alisema. “Tulikuwa tunazungumuza juu ya diski.”

“Njo vile, citoyen,” alisema Régine.

“Utabadilisha ile maneno. Utie ya Kifaransa.”

“Lelo lelo.”

Alifikiri kwamba wamemaliza, akainuka. Lakini Mwansa alimwonyesha Mama Ngosa mlango, na walipobaki wawili alianza kukwaruza meza kwa ukucha. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Mjumbe, alisema, alikuwa ameacha maagizo kwamba citoyen Mwansa aitwe kuzungumza mjini, kwenye mkutano mkubwa, kwa namna ile ile aliyoizungumza kiwandani. Tangu Ijumaa alikuwa akijaribu kuandika hotuba fupi na kila aliyoiandika inaota miguu, inakimbia.

“Ile nilisema pale, haikubakia fasi yoyote mu mashini? Hata kipande?”

“Ile haikuingiaga mu mashini, citoyen.”

“Hm.” Alikwaruza tena. “Unaikumbuka?”

Régine aliikumbuka, na kila mtu kiwandani aliikumbuka. Vibarua walikuwa wakisalimiana kwayo. Akamwambia neno kwa neno, naye Mwansa akaandika kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akilamba midomo. Ilipofika kwenye chakula alisita. Mkutanoni mjini hakutakuwa na chakula. Régine akamshauri aseme tu kwamba mkutano umekwisha, watu watapiga makofi hivyo hivyo.

Siku ile aliyafuta maneno ya Kiswahili kwenye programu, akaweka ya Kifaransa kama kitabu kilivyopendekeza. Aliona uchungu kidogo kuyafuta. Kesho yake diski ilijaa, na dereva mmoja wa Mokambo alinyoosha shingo dirishani akauliza mashine imeandika nini. Chomba aliusoma mstari mrefu wa Kifaransa mpaka mwisho, kwa uangalifu, kidole kikifuata herufi.

“Inasema imeshiba,” alimwambia.

Lakini jioni ile ya Jumatatu Régine alikuwa bado hajui hayo. Alifunga chumba cha baridi, akaagana na mlinzi, akatembea bila haraka mpaka kwenye daraja dogo la mto Naviundu, mahali ambapo hakuna mtu wa kiwanda anayepita kwa miguu. Hapo alishika kiuno na kicheko chote kikatoka kwa pamoja, kile cha Ijumaa na kile cha ofisini, mpaka akalazimika kuketi kwenye ukingo wa saruji. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma aliacha moto wake, akamkaribia kwa wasiwasi.

“Mama, iko mugonjwa? Nikuletee mayi?”

Régine alijaribu kujibu, akashindwa, akaonyesha kwa mkono kwamba hapana. Yule mama alimtazama kitambo, midomo ikaanza kumcheza naye, halafu akaketi kando yake na kucheka, ingawa hakuambiwa lolote.